Udongo wa Mfukoni

4 Februari

Mpwa wangu Kijiko,

Salamu nyingi kutoka ghorofa ya pili. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza kuwa na maoni yake kuhusu ngazi. Mama yako alipita Jumapili. Alifagia hata palipokwisha kufagiwa, akaniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, akaenda kufunua sufuria ahakikishe. Amekuwa dada yangu mkubwa tangu nizaliwe na hajachoka bado. Mshonaji wa chini anakusalimu, anasema gauni uliloliacha siku ile liko tayari na linamzibia nafasi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa nasema "salama" kabla hujauliza.

Sasa jambo lenyewe. Unayakumbuka makopo ya Bi Pilipili wangu pale roshani. Yote yalikauka tulipokuwa hospitalini. Hakuna aliyekuwa na ufunguo ila mimi, na mimi nilikuwa nalala kwenye kiti kando ya kitanda chake. Niliporudi nilikuta vijiti tu. Basi mwezi uliopita natafuta springi ya saa kwenye mtoto wa meza, nikafungua kikebe kimoja, ndani nikakuta mbegu. Zake zile, za pilipili fupi nyekundu, zilizowatoa machozi wageni wote waliopata kula kwetu. Sikujua kama aliweka. Zinajaa kisoda kimoja, na nyingine hakuna duniani.

Nimepanda sehemu. Zaidi ya wiki tatu sasa, kimya. Udongo ninao mzuri tu, mwekundu, mzito, ukiushika unashikika. Lakini juu umefanya gamba gumu kama sahani, na maji yanakaa pale pale yananitazama. Wewe unaotesha miche kwa maelfu huko kazini kwenu, niambie: nimwagilie vipi?

Duka bado nimelifunga. Nitafungua. Usinianze.

Mjomba wako, fundi saa

*

15 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Huku sote hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na sasa anacheka na kila anayepita ili lionekane pengo. Baba yake yuko safarini na lori lake hadi mwisho wa mwezi. Kitaluni kazi imetukaba, tunajaza trei kutwa, nikirudi nyumbani kucha zangu hazitazamiki.

Nimefurahi kuhusu mbegu hadi nikakaa chini. Lakini mjomba, tatizo lako si maji. Ni udongo. Mbegu ya pilipili ni kitu kidogo sana, na siku inapoamka haina nguvu ya kuinua gamba. Inataka udongo mwepesi, uliochekechwa, unaopitisha hewa. Sisi tunachanganya mboji iliyoiva vizuri, vumbi la makumbi ya nazi, na mchanga kidogo. Wewe usijisumbue, kanunue mfuko wa udongo wa kuoteshea. Uinue kwanza: ukiwa mzito kama mawe, urudishe. Tia mkono ndani kama muuzaji atakuruhusu, na hata asiporuhusu. Ukikuta vijiti na vipande vya magome, au ukinusa harufu ya kitu kilichooza, achana nao. Udongo mzuri unanukia kama ardhi baada ya mvua.

Huo mwekundu umeutoa wapi? Mtaa wenu mzima ni lami na sakafu.

Kula vizuri. Mama akifunua sufuria akute kitu.

Mpwa wako, Kijiko

*

2 Machi

Kijiko,

Nakusalimu wewe na mwenye pengo. Huku hali ya hewa haieleweki na goti linailalamikia. Mama yako ameniletea mapazia mapya, ya zamani amekwenda nayo kuyafua, nadhani hayatarudi.

Nilinunua mfuko. Nilinusa, nikatia mkono, muuzaji akaniuliza kama natafuta pete. Nikajaza kopo, nikapanda mbegu, nikachukua birika nikamimina. Mpwa wangu, maji yalikimbia pembeni yakatokea chini kana kwamba yana deni na mtu. Nikamimina tena, yakakimbia tena. Mara ya tatu yakajaa juu, udongo ukaelea, mbegu zikaelea, zote zikakusanyika kwenye ukingo mmoja kama watu wanaongoja kuvuka barabara. Nilipochimba katikati kwa kidole, kulikuwa na vumbi kavu. Huo ndio udongo mzuri unaosifia?

Nimeokota nilizoziona. Nyingine zimepita na maji. Kisoda sasa ni nusu.

Ule mwekundu umeniuliza. Udongo ni udongo. Nimeuweka kando kwenye kopo lake na sina mpango wa kuutupa.

Mjomba wako

*

10 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole. Nimecheka kwenye pete, halafu nilipofika kwenye kisoda sikucheka tena.

Kosa ni langu, nilisema nusu. Udongo wa mfuko ukikauka sana huwa unayakataa maji. Humwagilii ukiwa ndani ya kopo. Unauloweka kabla. Umwage kwenye beseni, tia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, uchanganye kwa mikono hadi chini, uufunike, uuache unywe. Urudi uuchanganye tena. Halafu chukua tonge moja, ulifinye. Ukiona maji yanadondoka kati ya vidole, umezidisha, ongeza udongo. Ukifungua mkono tonge likavunjika lenyewe, bado una kiu. Unataka lile linalokaa kiganjani, na ukiligusa kwa kidole linaachia. Hapo ndipo unajaza kopo, unaweka mbegu, unafunika na udongo mwembamba kama unga, na hakuna birika kabisa. Kama juu pamekauka, nyunyiza ukungu tu.

Haya sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa kwenye roshani hiyo hiyo unayokaa. Nilikuwa namchimbia Bi Pilipili makopo yake kwa kijiko cha chai, na badala ya kunichapa akanipa jina na kazi. "Finya," alikuwa akiniambia. "Udongo hausemi uongo."

Kuhusu ule mwekundu sitauliza tena.

Mpwa wako, Kijiko

*

2 Aprili

Kijiko! Kijiko!

Salamu baadaye, zimeota!

Zimetoka zimejikunja, kichwa kimeinama chini, halafu siku ya pili kimeinuka na kofia ya mbegu bado iko juu. Nimezitazama kwa lenzi ya kazini. Nimewaita mshonaji na mama yako. Mshonaji amesema "hongera, zinafanana nawe," sijui kwa shingo au kwa upara. Mama yako amefuta macho akasingizia mapazia yana vumbi. Ni yale mapya!

Usiwe na wasiwasi, sichezi nazo. Nikiamka nazimwagilia, nikinywa chai nazimwagilia, mchana nakwenda kuzitazama na siendi mikono mitupu, na jioni kabla ya kulala nazipa maji kidogo ya kuvukia usiku. Juu hapajapata kukauka hata dakika moja tangu zitoke. Safari hii hazitakosa maji, nakuapia.

Mama yako anataka niende kwake nikae wiki nzima. Nimemuuliza, nani atamwagilia? Mzee mmoja naye amekuja kugonga, anadai saa ya ukutani aliyoniachia tangu mwaka jana. Nimemwambia duka limefungwa, nina wagonjwa wa kuangalia. Amenitazama kwa huruma, nikafunga mlango.

Sijaimeza furaha bado. Nimekaa nayo mdomoni.

Mjomba wako

*

9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Simu yako imezimwa, nimempigia mama naye hapokei, basi barua hii iende na ikimbie.

Acha kumwagilia. Leo. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, kamwage maji yote yaliyo kwenye visahani. Miche ikiloa shingoni mchana na usiku inashikwa na kinyausi: shina linakuwa jembamba kama uzi pale linapogusana na udongo, na mche unalala. Ukishalala hauinuki. Huku kitaluni nimewahi kuingia asubuhi nikakuta trei nzima imelala kama nyasi zilizokaliwa.

Acha udongo ukauke juu. Acha ukae hata siku mbili. Miche haitakufa kiu, nakuhakikishia. Fungua dirisha.

Nijibu upesi, tafadhali.

Kijiko

*

6 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Meno ya mbele sasa ni mapengo mawili. Mume wangu amerudi, ameondoka, amerudi tena. Nimekungoja mwezi mzima.

Mama anasema unafungua mlango kiasi cha uso tu, unapokea chakula, unashukuru, unafunga. Anasema hukupenda aende roshani. Basi najua. Imeanguka. Barua yangu ilichelewa, na sitaki uniambie samahani, maana siku hizi kila kitu unakiombea samahani.

Nataka niseme jambo ambalo wewe na mimi tumelikwepa tangu mwanzo. Hukuwa unamwagilia miche, mjomba. Ulikuwa unayamwagilia yale makopo yaliyokauka. Ulirudi kutoka hospitalini ukakuta vijiti, na tangu siku hiyo unaona kana kwamba uligeuza kichwa kidogo tu na kila kitu kikafa. Hukugeuza kichwa. Ulikuwa kwenye kiti kando yake, mahali pekee palipokufaa kuwa. Yeye mwenyewe angekugombeza kama ungemwacha uende kumwagilia pilipili.

Na udongo mwekundu naujua. Nimeujua tangu barua yako ya kwanza. Siku ya pili baada ya mazishi mama alikuwa anakusanya nguo za kufua, nikachukua koti lako jeusi, likawa zito. Nilitia mkono mifukoni. Nilirudisha udongo wote, nikalitundika koti nyuma ya mlango wa chumbani, nikamwambia mama limeshafuliwa. Sikukwambia kwa sababu sikujua niseme nini. Hata sasa sijui. Nimeona tu usibaki ukidhani hakuna ajuaye.

Nakupenda sana. Niandikie hata mstari mmoja.

Kijiko wako

*

19 Mei

Mpwa wangu,

Nawasalimu wote. Goti liko palepale.

Imeanguka, ndiyo. Yote kwa pamoja ndani ya siku chache, barua yako ilipofika ulikuwa umebaki mmoja umeegemea ukuta wa kopo. Nilikaa nao. Nikaupa maji, unaweza kuamini? Nimesoma niache kumwagilia, mkono ukaenda wenyewe kwenye birika.

Nilishangaa sana wakati ule, mama yako amefua hadi vitambaa vya meza lakini koti ameliacha. Kumbe ni wewe.

Watu wote walikuwa wanashika udongo wanatupa ndani. Ikafika zamu yangu. Nikashika, mkono ukakataa kufunguka. Nikautia mfukoni. Nikashika tena, nikautia upande wa pili. Yule jamaa wa koleo aliniona akageuza uso, Mungu ambariki. Nikafika nyumbani nimebeba, sikujua wa nini. Halafu nilipopata mbegu nikadhani nimejua. Nikasema zake, zitoke kwenye wake. Basi huo ndio ujinga wangu, na ulivyofanya gamba lile nikaona hata yeye amenikatalia.

Alikuwa akiniita, unajua. "Njoo unifinyie udongo, mikono yako mikavu, wewe utajua." Nami namjibu nina saa ya mtu imefunguka mezani. Kila mara kulikuwa na saa ya mtu.

Nimefunga mbegu zilizobaki kwenye karatasi, zimo ndani ya bahasha hii. Ni chache, zinakaa kwenye ukucha wa kidole gumba. Zioteshe wewe huko, wewe unajua. Mikono yangu siiamini tena. Kama inawezekana, niambie tu: nikikutumia kijiko kimoja cha ule mwekundu, unaweza kuuchanganya humo?

Mjomba wako

*

28 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama kwenye banda la miche, nikatoka nje nikalia, nikarudi nikaendelea na kazi. Wenzangu wamedhani ni bosi.

Mbegu zako zimo ndani ya bahasha hii. Nimezirudisha zote. Nimezitazama sana, na najua nikizisia hapa zitaota, na siku hiyo utakuwa umepata miche na umenipa roshani yako. Sitaki. Mtu anayefunga springi isiyoonekana kwa macho hawezi kuniambia mikono yake haifai.

Kuhusu ule mwekundu nakujibu kama mtu wa kazi. Udongo uliochimbwa shimoni hauwekwi kwenye trei ya mbegu mpaka umwagiwe maji yanayochemka, ili kife kila kilichomo. Najua hutaumwagia, na sitakuomba. Kwa hiyo usiutie pale. Mche mchanga hauwezi kuubeba udongo huo, mjomba, hata ungekuwa kijiko kimoja. Lakini mmea ukikua unaweza. Utakapofika wakati wa kuuhamishia kwenye kopo lake kubwa, mizizi ikiwa na nguvu, utaweka ule wako chini kabisa, na juu yake ule mwepesi. Mizizi itashuka yenyewe itaukuta. Hakuna haja ya kuiharakisha.

Sasa maji. Udongo uloweke kwanza, ufinye, kama nilivyokwambia. Ikishaota, birika liondoke roshani, mpe mshonaji akutunzie. Weka maji kwenye kisahani, kopo linywe kutoka chini hadi juu pabadilike rangi, halafu yanayobaki uyamwage. Usiangalie saa, angalia uzito: liinue kopo likiwa limeshiba, mkono uukumbuke uzito huo. Kila asubuhi inua. Likiwa bado zito, liweke chini, vaa viatu, toka. Hapa ndipo pagumu, nenda kazini. Miche ya pilipili inaotesheka vizuri zaidi na mtu mwenye shughuli nyingine. Yule mzee anaitaka saa yake.

Kijiko

*

17 Juni

Kijiko,

Salamu kwenu. Nimeloweka, nimefinya, nimepanda. Birika liko kwa mshonaji, anapigia pasi nguo kwa maji yake na amekataa kunirudishia hata kwa chai.

Sina zaidi. Naogopa kuandika.

Mjomba

*

30 Agosti

Mpwa wangu Kijiko,

Nawasalimu nyote, na hasa mwenye mapengo, mwambie meno mapya hayana haraka kama barua zangu. Mama yako mzima. Nilikwenda kukaa kwake siku nne. Alifunua masufuria yake mwenyewe kunionyesha kuwa yamejaa. Nilirudi makopo yakiwa mepesi, majani yameinama kidogo, nikayapa maji, na kabla sijavua viatu yalikuwa yamesimama.

Iliota mitatu. Mmoja ulikufa bila sababu yoyote niliyoweza kuiona hata kwa lenzi, na nilikwenda dukani siku hiyo vilevile. Miwili ipo. Inanifika kifuani nikiwa nimekaa, na mmoja una ua jeupe ambalo mshonaji amelipandia ngazi kuja kulitazama.

Asubuhi za mwanzo zilikuwa ngumu. Nainua kopo, zito, nalirudisha, na mikono inabaki haina la kufanya. Ndipo nikawa naipeleka dukani. Saa ya yule mzee ilikuwa na uchafu tu ndani. Alipoisikia inagonga alikaa kwenye benchi langu akanisimulia habari za mkewe hadi tukafunga. Mimi nikamsimulia za wangu.

Jumamosi iliyopita nimeihamisha kwenye makopo makubwa. Nililoweka udongo kwenye beseni, nikatia mikono hadi kwenye viwiko. Nikashika tonge, nikalifinya, nikafungua. Lilikaa kiganjani. Nikaligusa kwa kidole, likaachia. Nilisema kwa sauti, "Tayari huu," nikasimama pale nikalia kidogo kwa ajili ya mara zote alizoniita. Halafu nikachukua ule mwekundu. Nilidhani nitabakiza. Sikubakiza. Nusu chini ya huu, nusu chini ya ule, nikafunika na ule mwepesi, nikaweka miche juu, nikabonyeza kama ulivyokuwa ukibonyeza kwa kijiko chako.

Pilipili zikiiva nitakuwekea mbegu. Mjukuu wangu nitamwekea kopo lake la kuchimba.

Koti nimempa mama yako akalifua. Amelikagua mifukoni kama kawaida yake, akanirudishia vilivyokuwemo: funguo za duka, basi.

Mjomba wako, fundi saa